Meneja wa Kwenye Simu

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao: kuokota vipande vya vitambaa sakafuni, kutunga uzi kwenye sindano ambazo macho ya mama yake yalianza kuzikataa, na kupokea simu. Hiyo ya tatu hakupewa na mtu. Aliichukua mwenyewe, kwa sababu mama yake alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani akiwa kazini mdomo wake umejaa pini. Hawezi kusema "haloo" bila kumeza moja.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Aliitwa hivyo tangu alipojifunza kusema, kwa kuwa tangu siku hiyo hakunyamaza. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipopokea simu alinyoosha mgongo, akalainisha sauti na kusema, "Kwa fundi hapa, tukusaidie nini?" Wateja wengi walidhani wanaongea na mtu mzima, na yeye hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Karibu na dirisha palikuwa na nafasi tupu. Zamani hapo palikaa cherehani ya pili, na alama za miguu yake bado zilionekana kwenye saruji. Mama aliiuza ili kulipa ada kaka yake Chiriku alipoingia chuoni kusomea shahada ya umeme. Kaka alihitimu, akavaa joho, akapigwa picha, na picha ikatundikwa ukutani juu ya nafasi ile ile. Kila mteja aliyeingia kupimwa aliitazama picha, kisha akauliza, "Na huyu msomi wako siku hizi yuko wapi?"

"Yuko kampuni kubwa ya umeme," mama alijibu, akizungusha utepe wa kupimia kiunoni mwa mteja. "Ni mkubwa pale."

Haikuwa kweli, na wote watatu mle nyumbani walijua kwamba haikuwa kweli. Kaka alikuwa fundi wa friji. Baada ya kuhitimu alikaa mwaka mzima akipeleka maombi ya kazi bila kuitwa popote. Halafu akaenda kujifunza kazi kwenye karakana ya Bwana Barafu, nyuma ya soko, huku jioni akisoma kozi ya mitambo ya baridi. Sasa alikuwa ameajiriwa pale pale na alipata mshahara wake kila mwezi. Yeye mwenyewe hakuwa na neno. Ila mama aliona vigumu kumwambia mtu kwamba cherehani ile imezaa bisibisi.

Siku moja simu ililia wakati mama anakanyaga cherehani, akimalizia gauni la mke wa mwenye duka la dawa. Mke wa mwenye duka la dawa alikuwa amesimama pale pale mlangoni akisubiri. Chiriku akapokea.

"Napiga kutoka chuoni, ofisi inayofuatilia wahitimu," ilisema sauti ya mwanamke. Akamtaja kaka kwa jina lake kamili. "Tunataka kujua waliomaliza kwetu wamefikia wapi. Wamepata kazi gani, wameongeza masomo gani. Namba hii ni yake?"

Namba ilikuwa ya mama. Kaka aliiandika siku ya kuhitimu kwa kuwa simu yake ilikuwa imeibiwa wiki ile, na hakuwahi kurudi chuoni kuibadilisha.

"Ni ya nyumbani. Mimi ni mdogo wake," alisema Chiriku. "Yeye yuko kazini."

Hapo alikuwa bado hajadanganya.

"Vizuri sana! Kazi gani, mdogo wangu?"

Chiriku akamtazama mke wa mwenye duka la dawa. Naye alikuwa anamtazama yeye, masikio wazi. Akisema "fundi friji", mama ataumbuka papo hapo, na kabla ya jioni mtaa mzima utakuwa na habari. Ulimi hauna mfupa. Wa Chiriku ulijipinda wenyewe.

"Yuko kampuni kubwa ya umeme," alisema. "Ni meneja."

"Meneja! Ndani ya muda mfupi hivi?"

"Ndiyo. Ana ofisi yenye kiyoyozi."

Kiyoyozi hakukiwaza. Kilikuja tu, na kilipofika alikipenda. Mwanamke wa chuoni aliomba namba ya meneja ili aongee naye mwenyewe, lakini Chiriku akasema meneja yuko kwenye vikao kutwa nzima na hapendi kusumbuliwa. Yule mwanamke akacheka, akashukuru, akakata simu.

"Kumbe amekuwa meneja kabisa!" mke wa mwenye duka la dawa alimwambia mama. "Hongera, fundi."

Cherehani ikasimama. Mama akamtazama bintiye, akaitazama picha, akasema, "Ahsante," kisha akaendelea kukanyaga. Mteja alipoondoka akauliza, "Nani alipiga?"

"Watu wa chuoni. Wanamsalimia kaka."

Mama hakuuliza zaidi. Labda hakutaka kujua zaidi.

Wiki kadhaa zikapita kabla sauti ile haijapiga tena. Safari hii ilikuwa na haraka. Chuo kilikuwa kinatafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Je, meneja angeweza kumpokea mwanafunzi mmoja kwenye kampuni yake?

"Nitamuuliza," alisema Chiriku.

"Muulize sasa hivi, tafadhali. Nafasi zinagombaniwa. Nitasubiri kwenye simu."

Huo ndio wakati wa kusema kweli, na Chiriku aliujua. Lakini kusema kweli sasa kulimaanisha kukiri uongo wa kwanza, na uongo wa kwanza ulikuwa umeshazoea kukaa. Akaziba simu kwa kiganja, akatazama dari kwa muda ambao alidhani unamtosha mtu kumuuliza meneja, kisha akasema, "Amekubali. Aje tu. Apitie hapa nyumbani kwanza, ataelekezwa."

Kaka wakati huo alikuwa nyuma ya soko, amelala chali chini ya friji ya muuza samaki.

Kwa siku kadhaa Chiriku alishtuka kila simu ilipolia. Hata akawa anamwachia mama aipokee, jambo lililomshangaza mama kiasi cha kumpapasa paji la uso kuona kama ana homa. Baadaye, kwa kuwa hakuna kilichotokea, hofu ikapoa. Akaanza kuamini kwamba mambo mengine hujimaliza yenyewe.

Jumamosi moja asubuhi msichana mrefu alisimama mlangoni akiwa na begi kubwa mgongoni na jingine mkononi. Alisalimia kwa adabu, "Shikamooni." Kwa kuwa mama alikuwa na pini mdomoni, mke wa mwenye duka la dawa, aliyekuja kurudisha gauni lipunguzwe, ndiye aliyeitikia.

"Nimetumwa na chuo," alisema msichana. "Nimekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Nimeambiwa hapa ni nyumbani kwa meneja."

Mama akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Meneja? Meneja gani, mwanangu?"

"Si huyu mwanao wa kampuni kubwa!" alisema mke wa mwenye duka la dawa, akionyesha picha kwa kidole. "Umesahau kazi ya mwanao, fundi?"

Mama akaitazama picha. Alikuwa ameshonwa kwa uzi wake mwenyewe. Kabla hajapata la kusema, kaka akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amevaa bwelasuti iliyojaa mafuta na amekumbatia kompresa ya friji kifuani kama mtoto mchanga. Akasimama, akawatazama wote.

"Huyo hapo," alisema mke wa mwenye duka la dawa, lakini safari hii sauti yake ilishuka.

Msichana akaitazama picha ya joho, akaitazama bwelasuti. "Samahani, kaka. Wewe ndiye meneja?"

Kaka akacheka. "Labda meneja wa bisibisi. Mimi ni fundi friji, dada yangu. Nani kakwambia umeneja?"

Msichana hakucheka. Aliweka begi chini taratibu. Alieleza kwamba alikuwa na nafasi kwenye kiwanda cha soda, akamwachia mwenzake asiyekuwa na pa kwenda, kwa kuwa ofisi ya chuo ilimhakikishia kwamba kwa meneja kuna nafasi nzuri zaidi. Mafunzo yanaanza Jumatatu. Asiyekuwa na mahali siku hiyo anasubiri hadi mwaka ujao, na kwao hakuna wa kumlipia mwaka mwingine. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akafunika uso.

"Basi chuo kimekosea namba," alisema mama haraka haraka. "Hao watu wa ofisini hawako makini. Wamechanganya majina."

"Itakuwa hivyo," alisema msichana, akijifuta machozi. "Yule mama wa ofisini nitamshtaki kwa mkuu wa chuo. Haiwezekani anichezee hivi."

Chiriku alikuwa kwenye kona, ameshika kipande cha kitambaa alichokuwa ameokota. Njia ilikuwa wazi kabisa. Angenyamaza, na mwanamke asiyemjua, mwenye sauti nzuri, angebeba lawama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake kunyamaza kulikuwa rahisi. Aliona aibu ikimpanda hadi masikioni.

"Hawajakosea namba," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema ni meneja. Na niliposema amekubali, sikumuuliza."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni. Kaka akaiweka kompresa chini.

"Kwa nini, Chiriku?" aliuliza.

Chiriku akamtazama mama, kisha akainamisha macho. Hakutaka kusema zaidi ya hapo. Lakini mama alielewa. Alivuta stuli, akakaa, na akaongea huku akiutazama utepe wa kupimia mapajani mwake.

"Uongo huo aliutoa kwangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeanza. Kila siku nawaambia watu kampuni, kampuni. Mtoto amevaa nilichoshona mimi." Akamgeukia mke wa mwenye duka la dawa. "Shoga, sikukwambia kweli. Mwanangu anatengeneza friji."

Mke wa mwenye duka la dawa alikohoa kidogo. "Friji yetu ya dawa ina wiki mbili haipozi," alisema. "Ningelijua si ningekuja zamani?"

Kaka alicheka tena, lakini hakuiacha hapo. Akachukua simu ya mama, akatafuta namba ya chuo, akampa Chiriku. "Mdomo uliofunga fundo ndio utakaolifungua," alisema. "Mpigie. Mimi niko hapa hapa."

Chiriku hakunyoosha mgongo safari hii, wala hakulainisha sauti. Alieleza yote, tangu kiyoyozi hadi kiganja juu ya simu. Yule mwanamke akasema, "Mdogo wangu, umeniweka pabaya. Mpe kaka yako simu." Walizungumza. Kaka alisema "ndiyo" mara nyingi, na mwisho akasema, "Njoo uone mwenyewe, mama. Ukiona hapafai, utasema hapafai."

Kilichobaki kilikuwa kumshawishi Bwana Barafu. Jina hilo alipewa kwa ajili ya kazi yake, si kwa ajili ya tabia, kwani alichemka haraka kuliko birika. Walimkuta anagombana na koili, lile bomba lililojikunja nyuma ya friji. Alimsikiliza kaka, akamtazama msichana aliyekuwa ameshika mkanda wa begi lake kwa mikono miwili.

"Unajua kusoma mchoro wa umeme?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Umewahi kuchomelea bomba la shaba?"

"Hapana, mzee. Darasani tulichora tu."

"Sawa. Na hapa si kampuni. Ofisi ni meza ile, na kiyoyozi kipo, ila ndicho hicho kilichofunguliwa juu yake. Unataka?"

Msichana alitazama sakafu yenye madoa ya mafuta, mitungi ya gesi iliyopangwa ukutani, na friji nyeupe ya zahanati iliyokuwa katikati, ile ya kuhifadhia chanjo. Uso wake ulionyesha wazi kwamba hakuwa ameota mahali pa namna hii. Kisha akauliza ile friji ina ugonjwa gani.

"Mchagua jembe si mkulima," alisema Bwana Barafu, kwa sauti iliyopoa kidogo. "Aje Jumatatu, kama chuo kitakubali."

Jumatatu mwanamke wa chuoni akaja karakanani mwenyewe. Alikuwa mfupi, amevaa viatu vya kutembea sana, na Chiriku, aliyepita pale baada ya masomo kwa amri ya mama yake, aliitambua sauti kabla ya sura. Mwanamke alikagua nyaya, kizima moto na kabati la vifaa. Alimuuliza Bwana Barafu nani atamsimamia msichana na kila siku atafanya nini. Alipomaliza akavuta ndoo iliyopinduliwa, akakaa mbele ya kaka.

"Sasa tuanze upya," alisema. "Nilipaswa kukuuliza wewe tangu mwanzo. Utaratibu wetu ni kuongea na mhitimu mwenyewe. Lakini jibu lilikuwa tamu, nami nina majina mengi ya kupigia, nikalimeza. Hilo ni kosa langu. Ulipomaliza shahada, ulikaa muda gani bila kazi?"

"Mwaka mzima."

"Ulikuwa unajisikiaje?"

Kaka alifikiri. "Vibaya. Nilikuwa nazunguka njia ya mbali ili nisipite mbele ya chuo. Kila nilikokwenda waliniuliza, umewahi kufanya kwa mikono yako? Sikuwa nimefanya. Ndipo nikaja hapa, na jioni nikasoma kozi ya mitambo ya baridi."

"Kwa hiyo shahada haikukusaidia?"

"Imenisaidia sana. Friji zikija na saketi za kisasa, mimi ndiye ninayezifungua, kwa sababu najua umeme unavyopita. Ila ningepata karakana mapema, ule mwaka nisingeupoteza."

Mwanamke aliandika kila neno. Kisha akamwita Chiriku, aliyekuwa amejibanza nyuma ya friji ya chanjo.

"Sogea, mdogo wangu, sikuumi. Unajua kwa nini tunawapigia watu simu?"

"Ili mjue kama wamefanikiwa."

"Si hivyo tu. Kuna kijana yuko shuleni leo, anajiuliza asome nini. Kuna mwalimu chuoni anajiuliza aongeze saa za karakana au azipunguze. Wote wanategemea jibu la aliyetangulia. Ukisema meneja mahali pa fundi, unawaambia njia ni laini, kumbe ina shimo, na kaka yako alishatumbukia humo akatoka. Wa nyuma yake watatumbukia tena, kwa sababu aliyelijua shimo hakulitaja. Dada huyu karibu atumbukie." Akamwelekeza kwa kidevu msichana, aliyekuwa ameshavaa bwelasuti kubwa kuliko yeye na kushika tochi. "Ulidhani unamsitiri mama yako. Lakini kazi ya halali haihitaji kusitiriwa, na njia ya mwongo ni fupi. Siku nyingine ukiulizwa jambo la mtu, mwite mwenyewe. Kama hayupo, sema hayupo."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nina kazi ya kurudi kuwapigia wengine wote waliojibiwa na ndugu zao." Akainuka, akapangusa sketi. "Nafasi hii nimeikubali. Lakini nitakuja kuikagua, Bwana Barafu, na sitapiga hodi."

"Karibu," alisema Bwana Barafu. "Ukikuta nimelala, niamshe."

Msichana alimaliza mafunzo yake pale. Friji ya kwanza aliyoitengeneza mwenyewe bila kusaidiwa ilikuwa ya duka la dawa. Alipokwenda kuaga nyumbani kwa fundi, Chiriku alimwomba radhi tena. Msichana akamfinya shavu, akamwambia asirudie, na Chiriku akajua kwamba hakuwa amesahau.

Mwaka uliofuata, jioni moja, simu ililia tena. Chumbani palikuwa na wateja watatu wanaosubiri kupimwa. Chiriku alikuwa karibu na simu, na mkono wake ukanyooka kwa mazoea. Akaiona namba ya chuo kwenye kioo cha simu, akaurudisha.

"Mama," alisema, "ni chuo."

Mama akasimamisha cherehani. Akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto bila haraka. Wateja wakamtazama. Akapokea simu na kusema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani:

"Mwanangu? Ni fundi wa friji. Ndiyo, fundi. Subiri kidogo, nakuitia mwenyewe."